Mji Mkongwe kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Kuutembelea kwa Saa Zake

Wageni wengi wanaoshuka bandari ya Malindi, Zanzibar, huupa Mji Mkongwe nusu siku tu. Huzungushwa mbio Mkunazini, hupitishwa duka la vinyago, hupigwa picha mbele ya mlango mmoja, kisha gari huwapeleka Nungwi au Paje. Wakirudi kwao husema mji una joto, mitaa imelala na wasumbufu ni wengi. Kwa waliyoyaona hawakusema uongo. Waliingia saa saba mchana, wakati ambao hata sisi wenyeji tumo ndani tumefunga madirisha.

Mji huu una saa zake. Soko lina saa yake, kivuli kina saa yake, bahari ina saa yake, na baraza nazo zina saa zao. Anayezifuata huona mji mwingine kabisa, tena bila kulipa zaidi. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa mpangilio wa siku, wala si kwa orodha ya majengo. Nakuomba jambo moja tu kabla ya yote: lala mjini usiku mbili.

Kwanza, lielewe umbo la mji

Mji Mkongwe umekaa juu ya rasi inayotazama magharibi. Zamani ulikuwa karibu uwe kisiwa, kwa sababu mkono wa bahari uliingia kutokea Funguni, upande wa kaskazini, ukapita nyuma ya mji hadi pande za Mnazi Mmoja. Maji yakijaa, mji wa mawe ulibaki upande huu na Ng'ambo upande ule, na watu walivuka kwa daraja pale panapoitwa Darajani hadi leo. Mkono huo ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20. Pale palipokuwa na maji sasa inapita barabara kubwa ya Benjamin Mkapa, ambayo wazee bado wanaiita Creek Road, na uwanja wa Mnazi Mmoja nao umekaa juu ya ardhi iliyofukiwa.

Historia hiyo ina faida kwa miguu yako. Mji umezungukwa na bahari na barabara hiyo, basi. Ukipotea vichochoroni, na utapotea, chagua upande mmoja na utembee bila kugeuka nyuma. Dakika kumi hadi kumi na tano hivi utatokea baharini au barabarani, na ukishafika hapo umeshajua uko wapi. Ramani ya simu husaidia, lakini kuta ndefu na vichochoro vyembamba huichanganya, kwa hiyo ni bora ujifunze majina ya mitaa. Shangani ni kwenye pua ya rasi, Forodhani katikati ya ufukwe, Malindi kaskazini karibu na bandari. Ndani kuna Kiponda, Hurumzi, Sokomuhogo, Mkunazini, Baghani na Kajificheni, na Vuga iko kusini. Ukimwambia mtoto "nataka kutokea Mkunazini," atakuonyesha kwa kidole, na pengine akusindikize hadi kona.

Pili, chagua msimu na uweke karatasi zako sawa

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, si wakati wa kutembea Mji Mkongwe. Mvua hushuka kwa nguvu, vichochoro hujaa maji, na baadhi ya hoteli hufunga. Vuli ya Novemba ni nyepesi, hunyesha na kukatika. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, wakati wa upepo wa kusi, kwani hewa ni baridi kidogo. Desemba hadi Februari, wakati wa kaskazi, jua ni kali lakini bahari hutulia. Mwezi wa Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara na katikati ya mwaka kuna tamasha la filamu la ZIFF. Siku hizo mji hufurika, na vyumba hutafutwa miezi kadhaa kabla.

Ukitoka Tanzania bara, beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, kwa kuwa bandarini na kiwanja cha ndege kuna ukaguzi wa uhamiaji hata kwa Watanzania. Wa Kenya, Uganda na kwingineko waje na pasipoti, na wanaotoka nchi zenye homa ya manjano waje pia na kadi ya chanjo yake. Tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nje ya nchi wanatakiwa pia wawe na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, nayo hulipiwa mtandaoni. Soma masharti yanayohusu nchi yako kabla hujanunua tiketi, usije ukayajulia kwenye foleni. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, basi nguo na viatu vyako vitie katika mifuko ya kitambaa.

Tatu, kuvuka bahari na kushuka

Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili. Tiketi nunua kwenye ofisi ya kampuni yenyewe au mtandaoni. Wapo vijana nje ya geti la bandari watakaokwambia boti imejaa au ofisi imefungwa. Wapite tu kwa upole, ingia ndani ukajionee. Soma saa ya kuondoka kwa makini, maana tiketi huandikwa kwa saa za Kizungu, na "07:00" ni saa moja asubuhi. Fika saa nzima mapema.

Msimu wa kusi mkondo wa Zanzibar huchafuka. Kama bahari hukusumbua, kaa sehemu ya chini, nyuma, karibu na katikati ya boti, kula chakula chepesi kabla ya safari na utafune tangawizi mbichi. Usikae ukiangalia simu.

Ukishuka Malindi utapokewa na wabeba mizigo, madereva na mapapasi, yaani vijana wanaojitafutia riziki kwa kuwaongoza wageni. Wengine ni watu wazuri wanaoujua mji vizuri. Wengine watakupeleka kwenye hoteli inayowapa kamisheni, wakikwambia ile uliyochagua imeungua. Jibu moja linatosha: "Ahsante kaka, nina mwenyeji wangu." Lisemwe kwa tabasamu, mara moja, kisha endelea na safari. Ukianza kubishana umeshafungua biashara.

Nne, mahali pa kulala

Uliza maswali matatu kabla ya kulipia. La kwanza, gari hufika wapi? Nyumba nyingi ziko ndani ya vichochoro ambavyo gari halipiti, kwa hiyo utatembea au utamlipa hamali mwenye mkokoteni. La pili, chumba kiko ghorofa ya ngapi? Ngazi za nyumba za zamani ni kali, na lifti ni nadra sana. Kama umekuja na mama au bibi, omba chumba cha chini. La tatu, kuna msikiti karibu? Simsemi vibaya muadhini, najua tu kwamba mgeni asiyezoea adhana ya alfajiri ni bora ajiandae kuliko alalamike.

Vyumba utaviona vyembamba na virefu. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, haiwezi kuvuka nafasi pana, na ndiyo maana upana wa chumba huishia pale boriti inapoishia. Kuta zenyewe ni nene, na ndizo zinazokupa baridi mchana. Chagua nyumba ya zamani inayotunzwa na wenyewe. Mji huu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini chokaa hainunuliwi kwa orodha. Nyumba ikikosa matengenezo, maji ya mvua huingia juu, boriti huoza, na siku moja ukuta hukaa chini. Fedha ya mgeni anayelala ndani ya mji husaidia paa libaki juu.

Tano, mavazi, salamu na picha

Hapa ni mahali watu wanaishi, wanasali na kulea watoto. Mabega na magoti yafunikwe, kwa mwanamke na kwa mwanamume. Nguo za kuogelea ni za ufukweni. Kanga moja begani au kikoi ndani ya mkoba humaliza tatizo lote.

Salamu hapa kwetu hazifanywi kwa haraka. Mtu mzima umwamkie "Shikamoo," usubiri "Marahaba," kisha muulize habari za asubuhi au mchana, ndipo useme shida yako. Mzee wa kiume muite mzee, mwanamke mtu mzima muite mama au bi mkubwa. "Asalaamu alaykum" unaweza kuitoa hata kama si Muislamu, na utajibiwa. Nimeona wageni kutoka bara wakiuliza bei bila salamu wakajibiwa kwa mkato, wakadhani Wazanzibari wana kiburi. Anza na salamu uone jinsi sura zinavyobadilika.

Picha za watu ziombwe kwanza. Mwanamke akigeuza uso au akivuta buibui, amekwisha kukujibu. Usipige picha Ikulu, bandari wala askari. Msikitini usiingie bila kuuliza, na watu wakiwa wanasali nje siku ya Ijumaa usipite mbele yao.

Sita, asubuhi ni ya soko

Toka saa moja, kabla ya chai. Kama una moyo wa kuamka mapema zaidi, anza diko la Malindi ambako wavuvi huleta samaki, halafu ushuke hadi soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904. Upande wa samaki husimama mnada. Samaki hupangwa sakafuni au mezani, mnadi hutaja bei, wanunuzi hujibu kwa ishara ndogo, na dakika moja tu nguru mzima ameshapata mwenyewe. Vaa viatu vilivyofunika vidole, sakafu ina maji na damu. Simama pembeni uwapishe wenye mizigo. Hawa wako kazini, na chombo cha samaki kichwani hakisubiri mtu apige picha.

Upande wa viungo ndipo mgeni hupotezea fedha. Nunua vitu vizima: karafuu, vijiti vya mdalasini, iliki iliyo ndani ya ganda, pilipili manga, kungumanga. Viungo vizima hukaa muda mrefu, na utaviona kwa macho kama ni vizuri. Mdalasini uvunje uunuse. Karafuu ikamue kwa ukucha, na ikitoa mafuta ni nzuri. Vipakiti vilivyofungwa kwa ukili ni vizuri kwa zawadi, ila viungo vya ndani mara nyingi vimekaa juani. Ukiambiwa "zafarani ya Zanzibar" kwa bei ndogo, iache. Zafarani hailimwi hapa, na unachouziwa huwa ni maua ya mmea mwingine au manjano. Uliza bei kwa wauzaji wawili au watatu walio upande wanaonunua akina mama wa mjini, nje ya ile njia kuu ya watalii.

Kisha kaa unywe chai. Katika vibanda vya karibu utapata chai ya viungo na mandazi, chapati, maharage ya nazi, au supu na boflo. Ukipata mkate wa ufuta wa moto, usisubiri ufike hotelini.

Saba, Mkunazini, kabla jua halijawa kali

Kutoka Darajani hadi Mkunazini ni hatua chache. Hapa palikuwa na soko la mwisho la wazi la watumwa Zanzibar, lililofungwa mwaka 1873 baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba chini ya shinikizo la Uingereza. Mwaka huohuo msingi wa kanisa la Anglikana uliwekwa palepale. Aliyelisimamia ni Askofu Edward Steere, ambaye pia alifanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, naye amezikwa nyuma ya altare. Kwenye altare kuna alama ya mahali ambapo, kwa mapokeo, ulisimama mti wa kuwachapia watumwa. Msalaba wa mbao ulio ndani umetengenezwa kwa mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa. Utaonyeshwa pia nguzo zilizosimamishwa juu chini, na utaambiwa mafundi walizikosea wakati askofu hayupo.

Nje, ndani ya shimo la mawe, wamesimama watu watano wa saruji wenye minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Kaa hapo kimya. Watu huja hapa kupiga picha za kucheka, nami huumia nikiwaona, kwa sababu wapo wenyeji wanaopita pale wakijua kwamba mama wa bibi yao aliuzwa.

Utateremshwa kwenye vyumba viwili vya chini, vya giza na dari fupi, na kuambiwa watumwa waliwekwa humo. Ujue kwamba wapo wanahistoria wanaosema vyumba hivyo ni sehemu ya jengo la misheni lililojengwa baada ya soko kufungwa. Hilo halipunguzi ukatili wa biashara yenyewe. Soma kwa utulivu maonyesho ya ghorofa ya juu, maana ndiyo yenye maelezo mengi kuliko yote. Na kumbuka kwamba kufungwa kwa soko hakukumaliza utumwa. Biashara iliendelea kwa siri, na utumwa wenyewe uliondolewa uhalali wa kisheria hapa mwaka 1897. Tenga saa moja na nusu kwa Mkunazini yote.

Ukitaka mtu wa kukuongoza, mwombe akuonyeshe kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar na mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza. Mwongozaji mzuri hapa anastahili kila shilingi.

Nane, mchana ufuate kivuli

Kuanzia saa sita mji hupunguza mwendo. Ijumaa ndiyo zaidi, maduka hufungwa kwa sala ya adhuhuri na mengine hayafunguliwi hadi jioni. Kula wali na samaki wa nazi au pilau mahali ambapo wafanyakazi wa ofisini wanakula, urudi chumbani, ulale. Nasema hivi kwa dhati. Mgeni anayelala saa moja mchana huona mji hadi saa nne usiku.

Kama usingizi hauji, huu ni wakati wa milango, kwani Kiponda na Hurumzi vichochoro vina kivuli karibu siku nzima. Mlango wa Kiarabu wa zamani umenyooka juu, na mara nyingi kwenye bao la juu pana aya ya Kurani. Mlango wenye upinde wa nusu duara ni wa mtindo uliokuja na Wahindi, ambao pia walileta misumari mikubwa ya shaba yenye ncha. Husemwa kwamba kwao iliwekwa kuzuia tembo wa vita, huku kwetu ikabaki pambo na fahari. Tazama mfaa, ule mti wa katikati unaofunika panapokutana mbao mbili, maana fundi huweka hapo ustadi wake wote. Pembeni tafuta mnyororo, samaki, mtende na yungiyungi. Usiguse, na usikae kwenye baraza ya nyumba ya mtu bila hodi. Mwenye nyumba akitokea, msalimu na usifie mlango. Wengi watakusimulia uliletwa na nani.

Tisa, alasiri ni ya ufukwe wa mji

Baada ya sala ya alasiri, jua likianza kulegea, anza kaskazini ushuke kusini kwa barabara ya Mizingani. Zahanati ya zamani yenye roshani za mbao zilizochongwa ni kazi ya tajiri Tharia Topan, na jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887. Ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan miaka ya 1990, na ukiitazama utafahamu mji wote ungependeza vipi kama kila nyumba ingepata mlezi. Mbele kidogo ni Mtini, mti mkubwa ambao chini yake hukaa wenye boti. Kumbuka mahali hapo kwa kesho.

Kasri la kando yake lina vyumba vya masultani, na kimojawapo ni kwa ajili ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyeondoka Zanzibar mwaka 1866 akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani. Uliza hotelini kama liko wazi siku hiyo kabla ya kulipangia.

Halafu jumba la Beit al-Ajaib. Barghash alilijenga mwaka 1883, na lilinusurika mizinga ya manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Lililoishinda mizinga likashindwa na uchakavu: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo iliporomoka ikaua watu. Litazame kwa nje na usivuke uzio kwa ajili ya picha.

Ngome Kongwe iko jirani. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya Wareno kutolewa mwishoni mwa karne ya 17. Ndani kuna ukumbi wa wazi wa maonyesho na maduka ya sanaa. Robo saa inatosha, isipokuwa kama usiku kuna muziki. Wanaopenda muziki wa bendi ya Queen wanaweza kuendelea Shangani kwenye makumbusho ya mwimbaji wake, Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara.

Kumi, Forodhani jioni

Fika saa kumi na moja na nusu. Bustani hii ilitengenezwa upya mwaka 2009, na jioni ni ya kila mtu: familia, wanafunzi, wachumba, wageni. Vijana huchupa baharini kutoka ukutani, kila mmoja na mtindo wake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hujaa alasiri, na hapo ndipo wanapochupa kwa wingi. Sogea, tazama, shangilia. Ukitaka picha ya mmoja wao, ongea naye.

Baada ya magharibi huwashwa taa na majiko. Utaona meza zimejaa mishikaki ya samaki, kamba, pweza na ngisi iliyopangwa vizuri sana. Ushauri wangu hapo ni mkali kidogo: vyakula vya baharini vilivyopangwa mapema si lazima viwe vya leo, na bei hutajwa baada ya sahani kujaa. Kwa hiyo uliza bei ya kila kijiti kabla hakijashikwa, chagua meza ambayo wenyeji wanakula, omba kichomwe hadi kiive mbele yako, na ulipe kabla ya kukaa. Beba noti ndogo.

Vizuri zaidi vya Forodhani ni vitu rahisi. Juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi. Pizza ya Zanzibar, ambayo ni chapati nyembamba iliyofungwa na nyama, yai na kitunguu, ikakaangwa mbele yako. Na urojo: mchuzi wa manjano mchachu wenye viazi, bajia, kachori, mishikaki, chatne ya nazi na vipande vya muhogo mkavu juu. Urojo mzuri zaidi hupatikana nje ya Forodhani, kwa akina mama wanaoweka meza mitaani jioni. Muulize mfanyakazi wa hotelini yeye hununua wapi, uende huko.

Kumi na moja, usiku wa baraza na taarabu

Baada ya isha ingia Sokomuhogo, kwenye makutano yanayoitwa Jaws Corner. Wanaume hukaa barazani wakinywa kahawa chungu kutoka kwenye dele, wakicheza bao na dhumna, wakijadili siasa na mpira kwa sauti. Mgeni anakaribishwa, mwanamke pia. Kaa, agiza kahawa na kashata, sikiliza. Kwenye siasa uwe msikilizaji.

Muulize mtu yeyote wa hapo kama leo kuna mazoezi ya taarabu. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club bado vinapiga taarabu asilia, na kusikiliza mazoezi yao, yenye udi, kanuni, fidla na waitikiaji, ni bora mara kumi kuliko onyesho fupi la hotelini. Ukienda, zima simu, na kwa anayekugusa moyo utunze, yaani peleka noti kwa heshima.

Vichochoro vya katikati vina watu hadi kama saa nne. Baada ya hapo tembea na mwenzako, fuata njia zenye taa, usipite fukwe za giza, na simu isiwe mkononi.

Kumi na mbili, siku ya pili nenda Changuu mapema

Changuu ni kisiwa kidogo kilicho kama nusu saa kwa boti kutoka Mtini. Gereza lililojengwa huko mwaka 1893 halikupata kufungwa wafungwa. Liligeuzwa karantini ya wasafiri. Kobe wakubwa unaowaona asili yao ni Shelisheli, na wengine umri wao unapita wa babu yako. Usiwapande, na uwalishe majani unayopewa na walinzi tu.

Patana bei ya boti nzima, kwenda, kusubiri na kurudi, kisha ugawane na wenzako. Kagua maboya ya kuvaa kabla ya kupanda: yawepo ya kila mtu, mtoto akiwemo. Ondoka saa mbili au saa tatu, kwani msimu wa kusi mawimbi huongezeka mchana. Kama unataka pia fungu la mchanga la Nakupenda, uliza kuhusu maji. Wakati wa bamvua hupwa asubuhi na fungu huonekana vizuri. Wakati wa maji mafu pengine utakuta kipande kidogo kilichojaa watu. Beba kofia, maji ya kunywa na nguo ndefu, kwa sababu kivuli hakuna.

Kumi na tatu, kununua

Kwa kanga nenda Mchangani wanakonunua wanawake wa mjini, si mtaa wa Gizenga. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vyenye jina, yaani maneno yaliyoandikwa, na ukimpelekea mtu zawadi soma jina kwanza. Picha za Tingatinga ni nzuri, lakini chimbuko lake ni Dar es Salaam. Ukitaka kitu cha hapa tafuta masanduku ya mbao yenye shaba, mikeka na vikapu vya ukili. Makombe, matumbawe na vitu vya gamba la kasa usinunue kabisa. Bahari inahitaji vyake, na gamba la kasa litakuingiza matatani kisheria.

Hina ya kuchora mikono na miguu ni jambo la furaha. Kubali hina ya kawaida, yenye rangi ya kahawia. Piko nyeusi inayopakwa juu ya ngozi mara nyingi ina kemikali ya rangi ya nywele, na nimeona mikono ya watoto ikivimba na kutoka malengelenge. Kataa hata kama ni bure.

Kama umekuja Ramadhani

Njoo tu, ila ujue masharti. Mchana migahawa mingi hufungwa, na kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani haifai. Kula ndani ya hoteli. Baada ya magharibi mji huamka: mitaa hunukia uji, tambi, viazi vya nazi na vikaango, na watu hutembeleana hadi usiku mkubwa. Ukialikwa kufuturu, nenda, chukua tende au matunda mkononi. Sikukuu za Iddi watoto hujaa Mnazi Mmoja na nguo mpya, na maduka mengi hufungwa.

Kuondoka

Siku ya kurudi weka saa moja na nusu kabla ya boti. Mlipe hamali, rudisha ufunguo, kagua pasipoti au kitambulisho kiko mfukoni na si kwenye begi linalopakiwa. Viungo weka vichache, vya matumizi ya nyumbani tu, kwa sababu biashara ya karafuu iko chini ya sheria kali na gunia la karafuu bila kibali huhesabiwa magendo. Na kama una ndege ya kuunganisha Dar es Salaam, usiipange siku hiyohiyo ya boti katika miezi ya kusi. Upepo ukikaza, safari husogezwa au huahirishwa, na bei ya usiku mmoja zaidi hapa ni ndogo kuliko tiketi mpya ya ndege.